Kalamu Ibaki kwa Mwenyewe: Kituo cha Uandishi cha Brooklyn na Watoto Wake

Msaada ulikuwepo, tena wa bure. Meza zilipangwa, walimu waliajiriwa, saa za kazi zikatangazwa. Wanafunzi hawakwenda. Nakitaja kisa hiki mwanzo kabisa kwa sababu historia za taasisi huanza na mwasisi mwenye maono, picha yake ukutani na siku ya kukata utepe. Historia ya vituo vya uandishi ambamo wanafunzi husaidiana wenyewe kwa wenyewe inaanza na vijana waliokataa kusaidiwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho wenyewe hukiita CUNY. Huo ni mkusanyiko wa vyuo vilivyotapakaa jiji zima. Kikongwe chao ni City College, kule Harlem, ambacho mizizi yake inarudi hadi mwaka 1847. Brooklyn College kilizaliwa mwaka 1930, upande wa kusini, karibu na mwisho wa reli ya chini kwa chini. Ukishuka Flatbush Avenue, treni haina pengine pa kwenda. Unapanda ngazi, unapita maduka, na baada ya dakika chache unaona majengo ya matofali mekundu na maktaba yenye mnara wa saa. Kwa miaka 40 watoto wa mafundi cherehani na wauza duka, wengi wao wa familia za Kiyahudi na Kiitaliano zilizokuja Marekani mikono mitupu, walisoma pale bila kulipa ada. Sharti lilikuwa alama za sekondari, na zilitakiwa alama za juu kwelikweli. Watoto Weusi na wa asili ya Puerto Rico, waliosoma katika shule zilizosahauliwa na jiji hilohilo, wengi wao waliishia nje ya lango.

Tarehe 22 Aprili 1969, wanafunzi Weusi na wa Puerto Rico waliteka eneo la kusini la City College, wakafunga milango na kukibatiza chuo jina jipya: Chuo Kikuu cha Harlem. Walikaa humo kama wiki mbili. Walikuwa na madai matano, na mojawapo lilikuwa kwamba sura za waliodahiliwa zifanane na sura za mitaani. Uongozi wa CUNY ulikuwa na mpango wa kufungua milango polepole, hadi mwaka 1975. Baada ya Aprili ile, mpango ukavutwa mbele miaka mitano. Vuli ya 1970 kila aliyemaliza sekondari jijini alihakikishiwa nafasi katika chuo kimojawapo. Waliingia karibu 35,000 wa mwaka wa kwanza, ongezeko la kama robo tatu juu ya mwaka uliotangulia. Hata ofisi iliyojiandaa vizuri ingezidiwa, na ofisi hizi hazikuwa zimejiandaa.

Walimu wa uandishi ndio waliolipokea wimbi hilo kifuani. Kozi ya uandishi ilikuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ghafla karatasi zilizokuja mezani hazikufanana na zile walizozizoea. Wapo waliosema hadharani kwamba vijana hawa hawafundishiki. Mina Shaughnessy, aliyekuwa akiongoza mafunzo ya uandishi City College, alichukua insha kama 4,000 za mitihani ya kuingilia, za kati ya 1970 na 1974, akazisoma moja baada ya nyingine kama daktari anayesoma majibu ya maabara. Alichokiona ni kwamba makosa yale yalikuwa na mpangilio. Mtu hakosei ovyo. Anakosea kwa kufuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, na ukiijua kanuni yake unajua pa kuanzia. Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka mwaka 1977. Mwaka uliofuata alifariki kwa saratani. Wengi waliofundisha uandishi Marekani baada yake wana deni kwake, hata wasiojua jina lake.

Huku Brooklyn, mwaka 1970, kozi za uandishi za mwaka wa kwanza zilikabidhiwa kwa Kenneth Bruffee, msomi wa fasihi. Ufundishaji wa uandishi haukuwa fani ya kusomewa wakati huo; ulikuwa mzigo aliotwishwa aliyechelewa kukimbia. Bruffee alianza kukutana na wenzake wa vyuo vingine vya CUNY waliotwishwa mzigo uleule, Shaughnessy akiwemo, na katika mazungumzo yao lilijitokeza lile fumbo la viti vitupu. Mbona hawaji?

Jibu alilolifikia, na ambalo baadaye aliliandika mara kadhaa, ni rahisi hadi linaudhi. Wanafunzi walikwepa msaada ule kwa sababu ulikuwa darasa lilelile kwa mlango mwingine. Mwalimu ni yuleyule wa kutoa alama, lugha ni ileile ya kuhukumu, na wewe ni yuleyule wa kukaa kimya. Mtu aliyeaibishwa sebuleni haendi kutafuta faraja chumbani kwa mwenyeji wake. Basi wakajaribu kitu ambacho wakati huo kilionekana cha dhiki kuliko cha hekima: kumkalisha mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atacheka, na ana haki. Sisi tuna diskasheni. Nani aliyepita chuo kikuu cha Afrika Mashariki bila kukaa chini ya mwembe, au kwenye vimbweta vya nje ya maktaba, watu sita na desa moja lililochakaa, mmoja akieleza na wengine wakimkatiza? Hatukuhitaji profesa wa Brooklyn kutuambia kwamba mwenzako anaweza kukufungua pale mwalimu alipokufunga. Lakini diskasheni zetu ni za kujiandaa na mtihani. Ni mara chache niliona mtu akileta insha yake pale, akaisoma kwa sauti na kuwaacha wenzake waichambue. Insha tuliiandika usiku, peke yetu, tukaikabidhi kama mtu anayelipa faini. Na hapo ndipo Bruffee alipotia mkono: alichukua kitu ambacho wanafunzi hukifanya wakiachwa, akakipeleka kwenye kazi ambayo shule ilikuwa imeifanya ya upweke na ya siri.

Wazo halikuwa lake peke yake, na hakudai hivyo. Alikuwa amesoma utafiti wa Jane Abercrombie, mwanazuolojia wa University College London, aliyechapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu namna wanafunzi wa udaktari wanavyojifunza kutambua ugonjwa. Katika hospitali za mafunzo daktari mkuu huzunguka na wanafunzi kitanda hadi kitanda, akimuuliza mmojammoja. Abercrombie alibadilisha jambo dogo: kundi zima limtazame mgonjwa, lijadiliane, lifikie uamuzi mmoja. Waliofunzwa hivyo walijifunza kuamua vizuri zaidi, tena mapema zaidi. Jina lenyewe la kujifunza kwa kushirikiana Bruffee alilikuta Uingereza, kwa Edwin Mason. Aliongeza nadharia ambayo ilimchukua miaka kuieleza: kufikiri ni mazungumzo tuliyoyahamishia ndani ya kichwa, na kuandika ni kuyatoa tena nje. Kama ni hivyo, asiyepata mtu wa kuzungumza naye kuhusu jambo fulani atawezaje kuliandika?

Kiswahili kina neno ambalo lingemfaa sana. Somo ni kipindi cha darasani. Somo pia ni mtu mnayeitana naye jina moja, rafiki wa karibu. Na huko pwani somo ni yule anayemfunda mwari mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Mafunzo, urafiki na siri, vyote katika silabi mbili. Lugha nyingine hulazimika kubuni majina marefu. Sisi wenyewe siku hizi tunasema “mwelimishaji rika”, jina lililotufikia na kampeni za afya, lenye harufu ya semina na posho ya nauli. Katika makala haya nitamwita msaidizi tu.

Msaidizi wa Brooklyn hakuokotwa tu na kuambiwa akae mezani. Mpango ulioeleweka baadaye kwa jina la Brooklyn Plan, ambao Bruffee aliueleza kwa kirefu katika makala ya mwaka 1978, ulimtaka msaidizi asome kozi ya uandishi yenye alama za kuhesabiwa, huku akifanya kazi kituoni. Na katika kozi hiyo kazi kubwa ilikuwa kuandika insha na kuzipitisha kwa wenzake. Yaani kabla hujakaa upande wa anayesoma, ukae kwanza upande wa anayesomwa.

Uhakiki wao ulikwenda kwa ngazi. Ngazi ya kwanza hukuruhusiwa kusifu wala kukosoa. Uliandika mambo mawili tu kuhusu kila aya ya mwenzako: aya hii inasema nini, na aya hii inafanya nini. Ni maswali mawili ambayo mtu hudhani ni moja mpaka ajaribu. Ngazi za juu ndipo uliporuhusiwa kupima muundo, kisha hoja, na mwandishi naye akajibu kwa maandishi. Mwalimu alisoma vyote, insha na uhakiki, na uhakiki ulichukuliwa kuwa kazi ya kuandika yenye uzito wake.

Mimi maswali hayo mawili nilikutana nayo mbali na Brooklyn, katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani, theluji ikiwa imefika magotini. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili. Insha yangu ilihusu masoko ya samaki ya Tanga, nami niliipeleka kituoni kwa kujikaza, kwa kuwa profesa alikuwa ameandika pembeni ya ukurasa wa kwanza neno moja tu na alama ya kuuliza. Msaidizi alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mdogo wangu kwa miaka kumi au zaidi. Alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, karatasi ikawa mbele yangu, si mbele yake. Akauliza aya ya kwanza inasema nini. Nikamwambia: inasema Tanga iko kaskazini mwa pwani ya Tanzania, ina bandari ya tangu enzi za Wajerumani, na ilisifika kwa mkonge. Vizuri. Na inafanya nini?

Nilinyamaza kwa muda. Nikajibu kwa kweli ya moyo wangu: inabisha hodi.

Akacheka, nami nikacheka. Aya ya pili nayo ilikuwa bado mlangoni, ikiuliza hali za wenyeji. Ya tatu ilivua viatu. Samaki waliingia ukurasa wa nne. Hakuniambia nifute kitu. Aliniuliza msomaji wangu ni nani, na kama msomaji huyo amekaa akinisubiri nimalize salamu. Nilirudi bwenini nikapunguza kurasa tatu kuwa sentensi mbili, kwa uchungu kidogo, maana salamu ni adabu.

Turudi Brooklyn ya miaka ya 1970, iliyokuwa inapita kwenye tanuri. Mwaka 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Mwaka 1976 CUNY ilifungwa kwa wiki mbili kwa kukosa fedha za mishahara, na ilipofunguliwa, elimu ya bure iliyodumu miaka 129 ilikuwa imekwisha. Walimu walipunguzwa. Ingekuwa kawaida kabisa kituo cha wanafunzi wanaosaidiana kife kwanza. Lakini kituo cha namna hii kina faida moja ya kihasibu ambayo waasisi hawapendi kuitaja kwenye hotuba: ni rahisi. Mwanafunzi hulipwa kidogo, au hulipwa kwa alama za kozi. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti vya kutosha kujua kwamba hoja ya aina hiyo ndiyo husikika, ile ya falsafa huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ni faida inayouma upande wa pili pia, kwa sababu kilichoanzishwa kwa kuwa ni rahisi huwa vigumu sana kukiombea nyongeza.

Kati ya 1980 na 1982, kwa fedha za mfuko wa serikali ya Marekani wa kuendeleza elimu ya juu, Bruffee aliwaita Brooklyn walimu kutoka vyuo mbalimbali nchini wakati wa kiangazi, wajifunze kuwafunza wasaidizi. Hakuwapa mihadhara tu. Aliwatia kwenye kozi ileile ya wanafunzi wake. Maprofesa watu wazima waliandika insha, wakazipitisha kwa wenzao, wakasubiri kusomwa. Harvey Kail, aliyetoka Chuo Kikuu cha Maine, aliandika miaka 25 baadaye juu ya majira yale, na ukimsoma unaona kwamba haikuwa pikniki. Profesa hapendi kuambiwa na profesa mwenzake kwamba aya yake haifanyi kitu.

Walitawanyika, kila mmoja na mbegu zake. Mbegu nyingine zilikuwa zimeota penginepo. Purdue, jimbo la Indiana, Muriel Harris alifungua maabara ya uandishi mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaanza kutoa jarida dogo lililowaunganisha watu wa kazi hii waliokuwa hawajuani. Hao hao wa Purdue mwaka 1994 waliweka miongozo yao kwenye intaneti, na ndiyo maana mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayehangaika usiku wa manane kupanga marejeo ya tasnifu yake ana uwezekano mkubwa wa kuangukia kwenye kurasa zao. Chuo Kikuu cha Brown, mwaka 1982, Tori Haring-Smith alikata mzizi wa aibu kwa njia nyingine kabisa. Alimpeleka msaidizi ndani ya kozi. Kila mwanafunzi wa kozi hiyo, hodari na dhaifu, iwe ya biolojia au ya historia, alilazimika kumpa msaidizi rasimu yake, akarudishiwa na maoni, wakakutana, akaandika upya, na profesa akapokea rasimu na kazi iliyokamilika pamoja. Hakuna aliyeulizwa umefeli nini hata uende kule. Kwa maoni yangu ndio uvumbuzi bora kuliko wote baada ya Brooklyn, na ndio usioigwa vya kutosha, kwa sababu unahitaji profesa asome vizuri kazi ya kila mtu mara mbili.

Mwaka 1984 mambo yalikuja kwa mkupuo. Brown waliandaa mkutano wa kwanza wa kitaifa wa wasaidizi wa uandishi, mkutano ambamo hadi leo wanafunzi wenyewe husimama na kutoa mada. Septemba, jarida la College English lilichapisha makala ya Stephen North wa chuo kikuu cha jimbo kule Albany. North aliandika kwa hasira, na hasira zake alizielekeza kwa wenzake wa idara yake mwenyewe, waliokigeuza kituo kuwa gereji: mwanafunzi anapewa kikaratasi, “nenda karekebishwe sarufi”, arudi akiwa amepigwa rangi. Alisisitiza kwamba kituo kipo kwa ajili ya mwandishi, si kwa ajili ya karatasi; karatasi itatupwa mwisho wa muhula, mwandishi ataendelea kuandika. Novemba, jarida hilohilo likatoa makala ya Bruffee ya kujifunza kwa kushirikiana. Ni miezi miwili tu kati yake, na hadi leo msaidizi mpya akipewa vitu viwili vya kusoma mara nyingi huwa ni hivyo.

Sasa nifike kwenye lawama, maana kumbukumbu isiyo na lawama ni tangazo.

Mtu akiisha kukatazwa kuwa gereji, huhangaika kuthibitisha kwamba yeye si gereji. Mwaka 1991 Jeff Brooks aliandika makala fupi yaliyosambaa mno, akitetea msaidizi anayefanya kidogo iwezekanavyo ili mwanafunzi afanye kazi yote. Kaa ubavuni. Karatasi iwe karibu na mwenyewe. Asome yeye, kwa sauti. Usishike kalamu. Mashauri mazuri yote, na yule binti aliyenipokelea samaki wangu aliyafuata vizuri. Ila katika vituo vingi yaligeuka kuwa miiko. Tayari mwaka 1987 John Trimbur alikuwa ameuliza kama “msaidizi” na “mwenzako” ni maneno yanayoweza kukaa pamoja: ukishamfunza mtu, ukamlipa na kumpa beji, yeye na mwenzake bado ni sawa? Ukimwambia ajifanye hajui, je, amekuwa sawa, au amekuwa mwalimu anayeficha majibu?

Mwiko huo ulinikuta mwezi mmoja baada ya kile kicheko. Profesa alikuwa amezungushia duara nyekundu kila mahali nilipokosea vile vijineno viwili vya Kiingereza vinavyotangulia nomino. Zilikuwa kama mvua ya mawe. Nikaenda kituoni, safari hii nikamkuta kijana mwingine, mpole, mwenye kufuata kitabu. Akaniambia nisome sentensi kwa sauti. Nikasoma. Akauliza: unasikiaje? Nikamwambia nasikia vizuri. Akaniomba nisome tena, polepole, nisikilize kama kuna kitu hakijakaa sawa. Nikasoma tena. Kilikaa sawa kabisa. Kiswahili hakina vijineno hivyo. Samaki ni samaki, awe yule tuliyemtaja au samaki yeyote wa baharini. Sikio langu lingesikia nini? Nusu saa ikaisha, kalamu yake safi, karatasi yangu nyekundu vilevile. Alikuwa na jibu mdomoni na alifunzwa asinipe. Alidhani ananiheshimu. Nilitoka pale nikijiona kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa atafakari safari.

Nilipokuja kusoma makala ya Judith Powers wa Chuo Kikuu cha Wyoming, ya mwaka 1993, nilikuta kisa changu kimeshaandikwa. Wasaidizi wake walikuwa wakiwafanyia wanafunzi wa kigeni yale yale waliyofunzwa, na yalikuwa yanashindikana, na kwanza kituo kiliona wa kulaumiwa ni wageni. Powers aligeuza lawama. Maswali ya kumfanya mtu ajigundulie hufanya kazi pale ambapo jibu limo ndani yake tayari. Mzaliwa wa lugha amelisikia tangu utotoni. Mgeni hana cha kuchimbua. Kwake msaidizi anatakiwa awe mpasha habari: aseme wazi kwamba hapa wasomaji wa Kiingereza hutaraji hivi, na sababu yake ni hii. Miaka miwili baadaye Linda Shamoon na Deborah Burns walikwenda mbali zaidi. Walitoa mfano wa muziki, ambako mwalimu bingwa huchukua ala mkononi akapiga, mwanafunzi akaona, na hakuna anayesema ameibiwa. Fundi wa seremala au wa jahazi angewaambia hivyohivyo bila makala.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuomba kazi palepale. Nikakubaliwa. Nilikaa kwenye meza zile miaka miwili, na sina shaka kwamba zilinifunza kuliko semina zote za uzamili. Hili nalo lina ushahidi kuliko maneno yangu. Kail, pamoja na Bradley Hughes wa Wisconsin na Paula Gillespie wa Marquette, waliwatafuta wasaidizi wa zamani wa vyuo vyao vitatu, wakiwa sasa wanasheria, walimu, wauguzi, wazazi, wakawauliza wamebeba nini. Majibu ya watu 126 yalichapishwa mwaka 2010. Walisema walijifunza kusikiliza. Walisema wakiwa kazini bado wanauliza maswali yaleyale. Bruffee alilitarajia hilo tangu mwanzo: faida kubwa ya mpango wake inaweza kuwa imemwendea anayesaidia. Ukilifikiria sana, ni jambo linalotia mashaka kidogo kwa aliyekuja na duara nyekundu.

Kuendesha kituo, kwa asiyejua, ni kazi ya ratiba. Wiki tatu za mwanzo wasaidizi wanapiga soga, wiki ya kabla ya mitihani foleni inafika kwenye korido, na daima yupo anayefika saa tano kasoro robo na kazi ya kukabidhi saa tano. Ni kazi ya kuamua kama profesa aarifiwe kwamba mwanafunzi wake amekuja. Sisi tulimwachia mwanafunzi achague. Ni kazi ya kumfunza kijana wa miaka 20 tofauti kati ya kumwonyesha mtu na kumfanyia, na mstari huo hauonekani mpaka uuvuke. Na CUNY yenyewe iliendelea kubadilika. Mwaka 1999 wadhamini wake waliamua kuondoa masomo ya kuwainua walio nyuma katika vyuo vyake vya shahada, na wengi waliona kwamba mlango wa 1970 umerudishwa nusu. Brooklyn leo kuna kituo cha kujifunzia kinachohudumia masomo mengi, na wanafunzi bado hukaa na wanafunzi.

Jioni yangu ya mwisho kituoni alikuja binti wa Bukavu. Familia yake ilikuwa imepita kambini kabla ya kuletwa Marekani. Aliponisikia lafudhi, akaacha Kiingereza palepale akaanza kuniita yaya, neno ambalo kwetu ni mlezi wa mtoto na kwao ni kaka mkubwa. Insha ilihusu wauguzi na wagonjwa wasiojua Kiingereza. Ilikuwa safi, imenyooka, haina mtu ndani. Nikamuuliza aya ya pili inafanya nini. Badala ya kujibu akanisimulia namna alivyokuwa akimtafsiria bibi yake hospitalini akiwa na miaka 12, daktari akitaja ugonjwa, naye akichagua ni kiasi gani cha habari kimfikie bibi. Alizungumza kama dakika kumi bila kupumzika.

“Andika hivyo hivyo.”

“Niandike mu Kiswahili?”

“Anzia huko. Kiingereza kitafuata.”

“Njo vile?”

“Ndivyo.”

Akafungua daftari, akatikisa kalamu yake, akachora miduara pembeni ya ukurasa. Wino ulikuwa umekwisha. Nilimpa yangu, akainama akaandika mpaka mhudumu alipokuja kuzima taa, na akaondoka nayo.